Mlinda Mlango wa Pili Ni Nani?

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2025, katika vibanda vya Koboko na Arua ambamo wananchi hukusanyika kutazama kandanda, tulishuhudia jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona tangu tuanze kuufuata mchezo huu. Timu yetu ya taifa ilikuwa mjini Fes, nchini Morocco, ikipambana na Nigeria katika mchezo wake wa mwisho wa kundi la Kombe la Mataifa ya Afrika. Denis Onyango, mlinda mlango wetu mashuhuri, ndiye aliyeanza. Kipindi cha pili kilipofunguliwa hakurudi uwanjani kwa kuwa alikuwa ameumia, na mahali pake akaingia Jamal Salim Magoola. Robo saa haikutimia, Salim akatoka nje ya eneo lake akaugusa mpira kwa mkono. Refa hakusita kumwonyesha kadi nyekundu. Ndipo akaingia wa tatu, Nafian Alionzi, na mchezaji mmoja wa ndani ikambidi atoke ili kumpisha. Walinda mlango watatu katika mchezo mmoja! Raphael Onyedika akatufunga mara mbili katika muda wa dakika chache, na ingawa Rogers Mato alitupatia bao la kufutia machozi, tulikwisha kufungwa 3-1 na safari yetu ikaishia hapo.

Hapa Abuku mjadala uliofuata ulikuwa mkali kuliko hata mjadala wa bei ya tumbaku. Wako waliomlaumu Onyango kwa kurudi timu ya taifa akiwa na umri wa miaka 40. Wako waliomlaumu Salim kwa pupa yake. Na wako, hasa vijana, waliomlaumu Alionzi kwa mabao mawili yaliyoingia mara tu alipokanyaga nyasi, ingawa jina lake ni jina ambalo mtu yeyote wa Arua akilisikia hujua limetoka upande gani, na kwa sababu hiyo tu lawama zao zilikuwa na uchungu wa kindugu. Mimi niliwasikiliza wote, na kwa heshima zote naona kwamba wote walikuwa wakiwatazama watu badala ya kulitazama lindo.

Nalisema neno hili lindo kwa makusudi, maana ninaandika kwa ajili ya askari, na hakuna watu wanaolielewa zaidi. Katika kambi yoyote, ya jeshi au ya polisi, mkuu wa zamu anapopanga walinzi wa usiku hamchagui mmoja hodari akamwacha alinde mwaka mzima. Hupanga wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kila mmoja hupewa saa zake, silaha yake na neno la siri la usiku ule. Yule wa tatu anajua giza la lango lile kama anavyolijua wa kwanza, kwa sababu amekwisha kusimama humo. Afande gani angemkabidhi mtu bunduki kwa mara ya kwanza usiku ambao adui amekwisha kufika kwenye waya? Hata hivyo katika kandanda tunafanya hivyo hivyo kila mara, kisha tunashangaa.

Kabla msimu mpya haujaanza, swali linaloulizwa magazetini na redioni ni moja: nani awe mlinda mlango namba moja wa Uganda? Hilo ni swali zuri, lakini si swali kubwa. Swali kubwa ni nani awe wa pili, nani awe wa tatu, na hao wawili watacheza michezo mingapi ya kweli kabla ya siku watakayohitajiwa. Na siku hiyo haiko mbali. Septemba 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Uwanja wa Namboole umekwisha kutengenezwa upya, na kazi hiyo ilifanywa na kikosi cha uhandisi cha jeshi letu wenyewe. Itakuwa aibu ya namna ya pekee iwapo askari wamejenga uwanja, halafu lango lililomo ndani yake likakosa mlinzi.

Tuanze na historia kidogo, kwa kuwa kosa hili halikuzaliwa Fes. Onyango alizaliwa Mei 1985. Alidakia SC Villa, akaenda St George ya Ethiopia, kisha akahamia Afrika Kusini ambako mwaka 2011 alijiunga na Mamelodi Sundowns. Mwaka 2016 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika, na yeye akapata tuzo ya mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wale wanaocheza ndani ya bara hili, tuzo ambayo ni nadra sana kupewa mlinda mlango. Akiwa naye, Uganda ilirudi katika mashindano ya Afrika huko Gabon mwaka 2017, baada ya kuyakosa kwa miaka 39. Tukafungwa bao moja tu katika kila mchezo. Mwaka 2019 nchini Misri tulifika raundi ya mtoano, na ingawa Senegal walitutoa kwa bao moja, ni Onyango aliyeupangua mkwaju wa penalti wa Sadio Mané mwenyewe. Nani asingemtegemea mtu wa namna hiyo? Mimi nilimtegemea. Kila mtu alimtegemea. Na humo ndimo ilimokuwa hatari, maana kwa takribani miaka kumi na mitano jina la mlinda mlango wetu liliandikwa kabla ya karatasi ya timu kuchapwa, na vijana waliokuja nyuma yake wakajifunza kazi moja tu, yaani kukaa.

Machi 2021 tulifungwa 1-0 na Malawi mjini Blantyre, tukakosa safari ya Cameroon, na mwezi uliofuata Onyango akatangaza kustaafu timu ya taifa. Lango likabaki wazi. Mashindano mawili yakapita bila sisi. Mwishowe, mwaka 2025, tulipofuzu tena, mzee akaombwa arudi. Lakini alirudi kutoka wapi? Huko Sundowns alikuwa amekwisha kumpisha Ronwen Williams, aliyejiunga na klabu hiyo mwaka 2022 na kuwa chaguo la kwanza. Kwa hiyo yule ambaye kwa miaka mingi aliwaweka wengine benchi, safari hii alikuja Morocco akiwa yeye mwenyewe ametoka benchi. Simdharau kwa hilo. Ninachosema ni kwamba tulimchukua mtu ambaye hachezi kila wiki, tukamweka mbele ya watu ambao hatukuwapa nafasi ya kutosha, na mwili wa binadamu ukatoa jibu lake.

Naomba ruhusa ya kusimulia jambo langu dogo. Miaka mingi iliyopita, wakati Koboko ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Arua, nilikuwa mlinda mlango wa akiba wa timu ya kituo kimoja cha polisi ambacho sitakitaja. Msimu mzima nilikaa pembeni nikiwa nimevaa glavu safi. Katika mazoezi nilidaka vizuri. Wenzangu walidiriki kusema nadaka vizuri kuliko yule wa kwanza. Siku mbili kabla ya nusu fainali mwenzangu akapata barua ya uhamisho, na kama mjuavyo, barua ya uhamisho haisubiri kombe. Nikasimama langoni. Mpira wa kwanza ulionijia ulikuwa wa kona. Nilipiga kelele "Wangu!", nikatoka, nikaruka, na hewa ndiyo niliyoidaka. Beki wangu alikuwa amesita kwa sababu hakuizoea sauti yangu. Mshambuliaji wao hakusita. Hadi leo mikono yangu haina hatia katika bao lile. Kilichokosekana kilikuwa kipimo cha macho: kujua mpira utashukia wapi wakati watu kumi na wawili wanasukumana mbele yako, jua likiwa usoni na umati ukipiga makelele. Kipimo hicho hakipatikani mazoezini, kwa sababu mazoezini hakuna anayekusukuma kwa nia.

Nimelieleza hilo kwa sababu watu wengi hudhani mlinda mlango ni mikono tu. La hasha. Kazi yake ya kwanza ni kusimama mahali panapostahili, ili mshambuliaji akiinua kichwa alione lango limekuwa dogo. Ya pili ni kuamua: nitoke au nibaki? Ya tatu ni kuwasemesha mabeki wake, kuwapanga, kuujenga ukuta wakati wa adhabu ndogo. Kudaka huja baada ya hayo yote, na mlinda mlango aliyekamilika hudaka mara chache kwa kuwa mengine ameyazuia mapema. Salim pale Fes hakukosea kwa mikono. Alikosea katika ile kazi ya pili, uamuzi wa kutoka au kubaki, na uamuzi huo ndio unaochacha upesi zaidi kwa mtu anayeingizwa ghafla akiwa bado ana baridi ya benchi mwilini.

Siku hizi kuna jambo la nne linalosifiwa mno, nalo ni miguu. Tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza mlinda mlango kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake, walimu wa timu wametaka mlinda mlango awe pia beki wa ziada, agawe pasi fupi na ndefu kama kiungo. Sikatai. Lakini naona tunaanza kumchagua mtu kwa sifa ya nne kabla ya kumwuliza kuhusu zile tatu za kwanza, na hapa naomba nitoe mfano kutoka mchezo ambao wasomaji wengi wa huku hawaucheza.

Wamarekani wana besiboli. Msomaji asishangae, kwa maana mchezo huo uko hapa Uganda pia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, baada ya timu ya mwaka uliotangulia kunyimwa viza ingawa ilikuwa imefuzu. Katika besiboli kuna mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, huitwa shotistopu, na mahali pake ndipo mipira migumu mingi huelekea. Ni kama mlinda mlango asiye na lango. Yeye pia hupiga mpira kwa gongo zamu yake ikifika, kwa hiyo kila mwaka kabla ya msimu walimu hubishana: tumweke hodari wa mikono au hodari wa gongo? Mwanzoni mwa mwaka 1982 timu ya St. Louis ilikuwa na Garry Templeton, mpigaji mzuri sana; ikamtoa kwa San Diego na kumchukua Ozzie Smith, ambaye upigaji wake ulikuwa dhaifu lakini mpira haukumpita. Wengi waliona ni biashara ya hasara. Mwaka huo huo St. Louis ikawa bingwa. Upigaji wa Smith ulikuja kunyanyuka baadaye, akiwa tayari kazini. Kila nafasi ina kazi yake ya msingi, na mtu huchaguliwa kwa hiyo kwanza; mengine hufundishwa.

Mchezo huo huo unalo onyo jingine linalotuhusu zaidi. Timu ya Baltimore ilikuwa na Cal Ripken, shotistopu ambaye tangu Mei 1982 hadi Septemba 1998 hakukosa hata mchezo mmoja: michezo 2,632 mfululizo. Sijui fahari kubwa kuliko hiyo katika kazi yoyote. Lakini mfikirie, ndugu askari, yule kijana aliyekuwa akiba yake katika miaka yote ambayo Ripken alisimama pale. Alivaa sare, alisafiri, alikula, alirudi. Bahati ya Baltimore ilikuwa kwamba Ripken hakuumia. Sisi bahati hiyo hatukuwa nayo.

Wamisri walikuwa na hekima nyingine. Katika mashindano yale ya Gabon mwaka 2017, mlinda mlango wao Ahmed El-Shenawy aliumia katika mchezo wa kwanza kabisa, dhidi ya Mali, na mwenzake Sherif Ekramy naye alikuwa majeruhi. Akaitwa Essam El-Hadary, mzee wa miaka 44. Je, lango lilianguka? Mzee yule hakufungwa na Mali, hakufungwa na sisi, akaipeleka Misri hadi fainali baada ya kupangua penalti mbili za Burkina Faso katika nusu fainali. Ni Cameroon tu waliowashinda mwishowe, 2-1. Watu watasema: basi na Onyango je, si naye alikuwa mzee? Tofauti ni kwamba El-Hadary alikuwa akicheza. Alikuwa akidakia klabu yake wiki baada ya wiki. Umri wake ulikuwa katika cheti cha kuzaliwa; macho yake yalikuwa bado katika mchezo.

Sasa tuwatazame watu tulio nao, bila upendeleo na bila chuki.

Onyango mwenyewe atakuwa na miaka 42 katika mwaka wa mashindano yetu. Naona ameifanyia nchi hii yote ambayo nchi inaweza kumwomba mwanamichezo. Kumtaka asimame tena langoni Namboole ni kutaka kumtumia kama hirizi. Kazi inayomfaa ni kuwafundisha wengine, na afundishe ile kazi ya kwanza niliyoitaja, kusimama mahali panapostahili, ambayo katika Afrika ya Mashariki sijaona aliyeifahamu kama yeye.

Salim Magoola ni mtu aliyepitia Sudan na Afrika Kusini, aliyelinda lango letu katika michezo kadhaa ya kufuzu, na aliyevumilia kivuli cha Onyango kwa miaka mingi bila manung'uniko ya hadharani. Wale wanaotaka atupwe kwa sababu ya kadi moja nawauliza: askari aliyefyatua risasi mapema usiku mmoja, baada ya miaka ya utumishi mwema, hufukuzwa au huitwa akaelezwa kosa lake? Ni mwepesi, ana mikono mizuri kwa mipira ya karibu, na ana sauti. Udhaifu wake ni ule ule ulioonekana: hutoka haraka. Kwa maoni yangu ndiye anayestahili kuanza msimu kama namba moja, kwa sharti kwamba nafasi hiyo iwe ya kushindaniwa kila mwezi.

Isma Watenga, aliyejipatia jina Vipers kabla ya kwenda Afrika Kusini, anapendwa na wale wanaopenda miguu. Kwa kweli hugawa mpira kwa utulivu, na katika mkwaju wa karibu ana wepesi wa paka. Mipira ya juu ndiyo inayonitia shaka. Hapa sitaki kuficha kwamba nimekuwa mkali kwake kuliko wengine, labda kwa sababu ya ile kona yangu mwenyewe; mtu huchukia zaidi kosa ambalo yeye mwenyewe amelifanya.

Kisha Alionzi. Huyu nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye hoja yenyewe. Alilinda lango la URA, kisha akaenda kuidakia timu ya jeshi la Ethiopia, na hilo peke yake lingetosha askari wa huku wamtazame kwa jicho la udugu. Tumpime basi kwa haki. Aliingia akiwa wa tatu, timu ikiwa na watu kumi, ikiwa imekwisha kufungwa bao, dhidi ya Nigeria, bila kupasha mwili moto kwa muda wa kutosha, na mabeki wake wakiwa wamebadilishiwa mlinda mlango mara mbili katika muda usiozidi nusu saa. Hata malaika angefungwa. Kumhukumu kwa mchezo ule ni sawa na kumhukumu mpishi aliyepewa sufuria linaloungua. Hatujui bado uwezo wake halisi katika jezi ya taifa, na sababu ya kutojua ni sisi, hatukumpa nafasi ya kutujulisha. Ana kimo, hana haraka, na katika miaka yake ya URA niliyemwona ni mtu anayesubiri mshambuliaji afanye uamuzi kwanza. Sifa hiyo ya kusubiri ndiyo anayoikosa Salim. Kwa hiyo wawili hawa, mmoja mwepesi wa kutoka na mwingine mzito wa kutoka, wakishindanishwa kwa kweli watanoana.

Na hao wanaocheza nyumbani? Hapa ndipo ninapogeuza uso wangu kwenu, ndugu wa jeshi na polisi, kwa sababu lango la Uganda si mali ya walio ughaibuni peke yao. Historia yetu inasema hivyo. Timu ya jeshi, Simba, ilikuwa bingwa wa Uganda mwaka 1971, 1973 na 1978, na mwaka 1972 ilifika fainali ya Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea baada ya michezo miwili ya mabao mengi. Denis Obua, mmoja wa nyota wa timu ile ya taifa iliyofika fainali kule Ghana mwaka 1978, alikuwa mchezaji wa Polisi. Mwaka 2005 Polisi wakawa bingwa wa nchi. Na katika fainali ile ya 1978, tulipofungwa 2-0 na wenyeji mjini Accra, aliyesimama langoni alikuwa Paul Ssali, mtu aliyekuzwa na kandanda ya hapa hapa nyumbani. Tulikuwa tumeifunga Nigeria 2-1 katika nusu fainali. Kizazi kile hakikusubiri mlinda mlango atumwe kwa ndege.

Kwa nini basi timu za vyombo vya ulinzi haziwi tena shamba la walinda mlango? Wanaojua mambo ya kambi watanijibu kwamba vijana wapo. Nami nakubali, maana hapa West Nile kila jioni nawaona: warefu, wenye mikono mipana, wasioogopa kuangukia changarawe. Onduparaka walipopanda ligi kuu mwaka 2016 na kuufanya uwanja wa Greenlight pale Arua kuwa mahali pagumu kwa wageni, tuliona jinsi watu wa huku wanavyoweza kuujaza uwanja na kuwatia vijana ari. Timu ile ilishuka daraja baadaye, lakini vijana hawakushuka nayo. Kinachowakosesha ni mambo mawili. Mwalimu wa timu ya kambi anapotafuta ushindi wa Jumamosi hamwingizi mlinda mlango kijana, kwa kuwa kosa la fowadi husahaulika na kosa la mlinda mlango huandikwa ubaoni. Na mwalimu maalumu wa walinda mlango ni nadra. Kijana hupigiwa mashuti ishirini mwisho wa mazoezi na mchezaji yeyote aliye karibu, kisha huambiwa amefunzwa.

Lipo la kufanya, na halihitaji fedha nyingi. Michezo ya kirafiki ambayo timu ya taifa hupata kabla ya mashindano isigawanywe tena kwa dakika, huyu arobaini na tano na yule arobaini na tano, ili kila mtu aridhike. Mlinda mlango akipewa nusu ya mchezo hajui kama alikuwa mzuri au alikuwa na bahati. Wa pili apewe mchezo mzima dhidi ya timu inayoshambulia. Wa tatu naye apewe wake, na ikiwezekana ugenini, ambako umati haumpendi. Asiitwe mlinda mlango asiyechezea klabu yake mara kwa mara, hata jina lake liwe kubwa namna gani. Akitaka kuitwa, ahamie mahali atakapocheza. Na ile nafasi ya tatu isiwe zawadi ya safari kwa mtu mwema asiye na ugomvi. Tumeona Fes nafasi ya tatu ni nini.

Wapo watakaosema ninalikuza jambo dogo, kwamba tulitolewa Morocco kwa sababu nyingine: kwamba Tunisia walitufunga 3-1 katika mchezo wa kwanza, kwamba tulipata penalti ya kuifunga Tanzania katika dakika za mwisho ikapotea na tukabaki na sare ya 1-1. Ni kweli kabisa. Washambuliaji wetu wana hesabu yao ya kutoa, na siku moja nitaiandika. Lakini fowadi akikosa leo, kesho mwalimu humwingiza mwingine, na huyo mwingine amekuwa akicheza; fowadi wanne watano hupata dakika katika kila mchezo. Mlinda mlango ndiye mchezaji pekee ambaye akiwa mzima na hodari humzuia mwenzake asijifunze kazi. Hivyo ni lazima mkono wa mtu uingilie kati, kwa kupanga, mapema, kabla ya dharura.

Mimi, lau ningepewa karatasi ya mwalimu wa timu kwa siku moja tu, katika mchezo wa kwanza wa kirafiki wa msimu ningempumzisha Salim, ningemwomba Onyango aketi benchi akiwa na daftari, na langoni ningemweka Nafian Alionzi kwa dakika zote tisini, nyuma ya mabeki wale wale wanne wa siku zote. Akifungwa matatu, mchezo wa pili ningempanga tena.